Kutembea Bhaktapur bila mwongoza watalii: uzoefu wangu

Bhaktapur ni mji wa Wanewar, wenyeji wa asili wa bonde la Kathmandu, nchini Nepal, kilomita zipatazo 13 mashariki ya mji mkuu. Mgeni hulipa kiingilio langoni. Mimi nililipa rupia 1,800, na tikiti ikaongezwa muda hadi wiki moja bila malipo mengine baada ya kuonyesha pasipoti. Naishauri sana nyongeza hiyo, kwa sababu siku moja hutosha kupiga picha tu.

Karibu kila mtu huingia kwa lango la magharibi na kuanzia uwanja wa jumba la kifalme. Mimi nilianzia upande wa mashariki, katika uwanja wa Dattatreya, na sijutii. Kwenye kichochoro kilicho kando ya nyumba ya makuhani iitwayo Pujari Math kuna dirisha la tausi, lililochongwa kwa mbao na kuwekwa juu ya kichwa cha mpita njia, kiasi kwamba mwenye haraka hulipita bila kuliona. Programu ya simu niliyoilipia kwa ajili ya maelezo ya sauti ilinifikisha kwenye ukuta mtupu upande wa pili. Ndani ya vichochoro vile vyembamba ilipotea kuliko mimi, nikaizima.

Nilipoacha kutazama simu ndipo nilipoanza kuzisoma nyumba. Kuta ni za matofali mekundu, madirisha ni ya mbao zenye nakshi, na mapaa yametokeza mbele na kushikiliwa na viguzo vya mshazari. Kwa desturi, chumba cha chini huwa ghala au duka, na jiko hukaa juu kabisa, chini ya paa, pamoja na mahali pa ibada. Jambo hilo lilinishangaza, mpaka niliponusa harufu ya chakula ikishuka kutoka juu hadi nilikosimama.

Muda mrefu zaidi niliutumia mbele ya Nyatapola, hekalu la mapaa matano lililojengwa mwaka 1702 katika enzi ya mfalme Bhupatindra Malla. Ngazi zake zinalindwa na jozi za sanamu: wanamieleka chini, kisha tembo, simba, viumbe wenye mdomo wa ndege, na miungu wawili wa kike juu kabisa, kila jozi ikisemekana kuwa na nguvu mara kumi kuliko iliyo chini yake. Hekalu hili lilistahimili matetemeko ya 1934 na 2015, ilhali jirani yake wa uwanja wa kifalme, hekalu la Vatsala Durga, liliporomoka katika lile la pili na likalazimika kujengwa upya.

Katika uwanja huo huo wa kifalme, usilipite banda la pembe nane liitwalo Chyasilin Mandap. Liliangushwa na tetemeko la 1934, likajengwa tena kwa msaada wa Ujerumani na kukamilika mwaka 1990, likiwa na chuma ndani ya mbao. Wapo wanaolaumu chuma hicho kuwa kinaharibu uhalisia. Mimi nilipanda, nikakaa, na nikaona kuwa banda lililobaki wima mwaka 2015 lina haki ya kuwa na mifupa mipya.

Vaa viatu vyenye soli ngumu, maana njia za matofali huteleza asubuhi.