Fundi wa Gerezani aliyetuliza taa za IST yangu

Kama una IST, Vitz au Passo, umefunga amplifaya na sabufa, na taa za mbele zinapepesa kila besi ikipiga, soma hapa kabla hujatoa hela ya altaneta mpya, ile jenereta ndogo inayozungushwa na injini. Kuna fundi umeme wa magari Gerezani, Kariakoo, upande wa maduka ya spea. Anafanyia kazi pembeni mwa barabara, hana hata kibao. Jina simtaji maana sijamwomba ruhusa. Nampa nyota nne kati ya tano.

Hali yangu ilishakuwa ya hatari. Nabeba abiria usiku, na abiria wa Dar bila muziki safari haiendi. Singeli ikikolea, taa zinafifia zinarudi, zinafifia zinarudi, na anayekuja mbele anadhani nampa njia. Pale Shekilango bodaboda wamenikatizia hivyo hivyo, na wengine wakishapita wananyoosha mkono kunishukuru.

Duka moja la redio za magari walinitajia kapasita ya faradi moja, kifaa cha kutunza umeme kidogo wa kumsaidia amplifaya, laki na ushee. Gereji moja wakasema altaneta kubwa, laki tatu na nusu, ufundi mbali. Kote huko hakuna aliyefungua boneti.

Huyu alianzia kwenye buti. Amplifaya yangu imeandikwa wati 2000. Akacheka, akanionyesha fyuzi zake, mbili za ampea 30. "Bosi, hii ikivuta zaidi ya ampea 60 fyuzi zinaungua. Zidisha kwa volti 14, inakuja wati 840. Hizo 2000 ni za kuuzia boksi."

Kisha akatoa mita. Injini inanguruma, taa zinawaka, muziki juu. Kwenye altaneta yenyewe akapata volti 13.6, kwenye teminali za betri 12.3. Akaacha ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine akaigusisha kwenye injini: besi ikipiga, mita inaruka hadi 0.7. Hapo palitakiwa pasome karibu na sifuri. Yaani umeme unazalishwa vizuri tu, ila unapotelea njiani. Waya wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi ulikuwa umeliwa na kutu. Aliukunja kidogo mbele yangu, vinyuzi vikakatika.

Tiba ni nyaya tatu: altaneta kwenda chanya ya betri, hasi ya betri kwenda kwenye bodi, injini kwenda kwenye bodi. Nyaya za zamani zinabaki, mpya zinaongezwa sambamba nazo. Zile seti za nyaya za dukani zenye plastiki ya kung'aa alizikataa. Alikwangua waya mmoja kwa wembe, chini ya wekundu kukatokea weupe: alumini iliyopakwa shaba. Akanituma nikanunue waya wa mashine ya kuchomelea, shaba tupu, milimita za mraba 25, unaouzwa kwa mita. Vinyuzi vyake ni vyembamba kama nywele, kwa hiyo unapinda kirahisi na mtikisiko wa injini hauukati. Kwenye bodi akapiga msasa mpaka rangi yote ikatoka, akakaza bolti, akapaka grisi. Waya, lagi (vile vichwa vya chuma vya kufungia ncha za waya), fyuzi na ufundi, vyote havikufika laki na nusu.

Sasa besi ikipiga betri inasoma 13.2. Balbu za halojeni hazina msamaha: volti zikishuka asilimia 5 tu, mwanga unapungua karibu asilimia 16. Ndiyo maana hiyo volti moja kasoro iliyorudi inaonekana barabarani kwa macho.

Nyota moja nimemnyima kwa sababu mbili. Alitaka kubana lagi kwa nyundo, hadi nilipomng'ang'ania aazime koleo la kubania kwa jirani yake. Pia waya wa altaneta alitaka kuufunga bila fyuzi. Hilo usikubali hata akununie: waya mnene usio na fyuzi ukichubuka ukagusa bodi, gari linaweza kuwaka moto. Tuliweka ya ampea 100, karibu kabisa na betri.

Na msitarajie miujiza. Kwenye foleni ya Ubungo, AC imewashwa, taa bado zinachezacheza kidogo, kwa sababu injini ikizunguka polepole altaneta haitoi ampea zake zote. Hilo alinieleza kabla sijalipa, akapunguza kidogo na geni ya amplifaya, kile kitufe cha kuongeza nguvu ya sauti inayoingia. Kapasita nilimuuliza pia. Akasema inatunza umeme tu, haizalishi, na njia ikiwa mbovu hata hiyo itakosa cha kutunza.

Ukienda, nenda asubuhi kabla ya saa nne, na waya ununue mwenyewe ukiwa na wembe mfukoni.