Betri ya asidi au ya lithiamu kwa gari la kulala?

Kwa bei, asidi inashinda siku ya kununua, na fundi yeyote wa umeme wa magari anaijua. Ila hesabu ina mtego. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 (kipimo cha umeme inaohifadhi) ukizoea kuitumia kupita nusu kabla ya kuichaji, unaiua mapema. Kwa hiyo ulichonunua hasa ni 50. Lithiamu ya fosfeti ya chuma unaichota hadi asilimia 80 bila wasiwasi, nayo huhimili mizunguko 2,000 na zaidi ya kuchaji. Ya asidi huchoka katika mamia tu.

Uzito hauna ubishi: lithiamu ni takriban nusu.

Matunzo ndiyo yaliyonichosha mimi. Asidi yenye vifuniko inataka maji ya betri, na inapochaji hutoa hidrojeni, basi usiifungie chini ya kitanda bila tundu la hewa. Niliwahi kuisahau miezi kadhaa. Nilipofungua, mabamba yalikuwa yamechungulia juu ya maji. Haikupona.

Lithiamu nayo ina lake: haichajiwi kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0, na kuichaji kwa altaneta (jenereta inayozungushwa na injini ya gari) kunahitaji kifaa cha kati cha kudhibiti umeme. Gharama hiyo wengi huisahau.

Unalala nje wikendi chache, taa na simu tu? Asidi inakutosha kabisa. Unaishi humo, una friji na kompyuta? Jikusanye ununue lithiamu. Anayepiga kambi kwenye theluji aulize kwanza kama ina kipasha joto ndani.