Spesa za milimita 12: zimepita ukaguzi, karatasi yake ndiyo haina msaada

Spesa ni kipande cha chuma kinachokaa kati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, na rimu, ili kuisukuma rimu nje. Nilizinunua kwa sababu ya hesabu. Gari lilitoka kiwandani na rimu za inchi 16, upana inchi 6.5, ofseti 45 (yaani milimita 45 kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapokaa kwenye habu). Rimu mpya ni 17 kwa 7.5, ofseti ileile. Inchi moja iliyoongezeka inagawanyika pande mbili, karibu milimita 13 kila upande, na kwa ndani tairi likawa limesogelea shokomzoba hata kidole hakipiti. Spesa ya 12 inairudisha nafasi hiyo karibu yote. Gharama yake iko nje: tairi linasogea kama milimita 25, yaani 13 za rimu na 12 za spesa, kuelekea ukingo wa madigadi.

Spesa zenyewe sina neno. Aluminiamu nzito, tundu la katikati linakaa kwenye habu bila kucheza, na zina shingo yake ya kushika rimu, hivyo uzito haubaki kwenye bolti peke yake. Usukani hautetemeki hata ukikimbia. Bolti ndefu zimo kwenye boksi. Zinaingia mizunguko saba na ushee kabla ya kukaza. Kwa bolti kama hizi za M12 (unene milimita 12), ambazo kila mzunguko huingia milimita 1.5, mafundi wengi hawakubali chini ya sita na nusu.

Kilichoniudhi ni karatasi ya maelekezo. Imeandikwa "hakikisha tairi haligusi", basi. Haligusi gari likiwa katika hali gani? Likisimama kwenye sakafu tambarare, karibu kila rimu inapita!

Mkaguzi alipandisha tairi la mbele kushoto juu ya kizuizi na la nyuma kulia juu ya kingine, kwa pamoja, watu wamekaa siti ya nyuma, kisha usukani ukakatwa mpaka mwisho kulia na kushoto. Halafu tochi: anatafuta plastiki ya ndani ya madigadi iliyong'aa kwa kusuguliwa, na mpira wa breki uliochunika. Hilo nilikuwa nimeshalijaribu mwenyewe kwa udongo wa watoto wa kuchezea, nikaubandika chini ya ukingo wa madigadi ya nyuma. Gari lilipokandamizwa, tairi liliuminya ukabaki unene wa milimita 6 pale pembamba kabisa. Ndiyo nafasi niliyo nayo, wala si ile inayoonekana kwa macho.

Kisha kuna kufunikwa kwa tairi. Kanuni za Ulaya zinataka madigadi ifunike tairi kuanzia pembe ya nyuzi 30 mbele ya mstari wa wima unaopita kwenye kitovu cha gurudumu hadi nyuzi 50 nyuma yake. Yangu inafunika, kwa shida. Za milimita 20 nisingethubutu. Kipenyo cha tairi hakikuleta maswali: saizi mpya, 225/45R17, inazidi ya zamani, 205/55R16, kwa milimita 2 hivi, kwa hiyo spidomita haidanganyi.

Nyota nne. Ya tano imebaki kwenye ile karatasi. Kama umeshusha gari kwa springi fupi, pima upya kabla ya kuagiza, na uliza sheria ya unakoishi kwa sababu kuna nchi spesa haziruhusiwi kabisa. Ukishafunga, zikaze tena bolti baada ya kilomita 50 hadi 100.