Besi ya Fender Precision ya mwaka 1978 isiyo na freti: tathmini ya ununuzi na matengenezo

Gitaa ninalolieleza hapa ni besi ya Fender Precision ya nyuzi nne, ya karibu na mwaka 1978, ambayo ubao wake wa vidole haujawahi kuwa na freti, yaani vile vipande vya chuma vinavyopita ubaoni kugawanya noti. Nililinunua Uingereza kwa mtu binafsi kwa pauni 1,400, nikatumia pauni nyingine 310 kulitengeneza, na sasa nimekaa nalo Unguja mwaka mzima, kaskazi, masika na kusi. Naandika kwa ajili ya mpigaji anayefikiria kutoa fedha za namna hiyo, hasa aliyelelewa na taarabu au dansi, kwa sababu mambo yanayoamua thamani ya gitaa kama hili hayaonekani katika picha za muuzaji.

Kwetu sisi ubao mtupu si jambo geni. Udi hauna freti, fidla haina, wala besi kubwa ya kusimama. Leo Fender alipotoa besi yake ya umeme mwaka 1951 aliiita Precision, yaani usahihi, kwa kuwa freti zilimpa mpigaji noti ambayo kwenye besi ya kusimama alipaswa kuitafuta kwa sikio. Ampeg walitoa besi ya umeme isiyo na freti mwaka 1966, na mwaka 1970 Fender nao wakaiuza Precision ileile bila freti, jina likabaki lilelile. Jaco Pastorius, ambaye santuri yake ya kwanza ya mwaka 1976 iliwafanya wapigaji wengi wautafute mlio huu, hakutumia gitaa lililotoka kiwandani hivyo: besi yake ilikuwa Fender Jazz Bass ya 1962 iliyong'olewa freti, mifereji yake ikazibwa na ubao ukapakwa epoksi ya mashua, gundi inayokauka ikawa ngumu kama kioo. Wengi walimwiga, na ndiyo maana sehemu kubwa ya magitaa ya zamani yanayouzwa kama hayana freti yalikuwa nazo, zikaondolewa kwa mkono, mara nyingine mkono usio na ujuzi.

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi ni kama ubao ulizaliwa mtupu au ulivuliwa. Ubao uliovuliwa huacha mistari, hata ukizibwa vizuri, na ukipitisha ukucha taratibu pembeni mwa shingo utaisikia mifereji. Wa kiwandani wa aina hii ni mbao moja laini isiyo na mstari. Gitaa lililovuliwa si baya kwa sababu hiyo pekee, ila bei yake lazima iwe chini, na mifereji iliyozibwa vibaya huifanya shingo ipinde mbele kwa kukosa kile kilichokuwa kikiijaza.

Swali la pili ni umri. Namba ya gitaa langu imeandikwa kichwani mwa shingo na huanza kwa S8, ambapo S inasimamia miaka ya sabini na 8 ni mwaka wenyewe, lakini namba hizo hazikufuata kalenda kwa ukali na zinaweza kupishana na ukweli kwa mwaka mmoja au zaidi. Ushahidi ulionitosheleza ulikuwa ndani. Muuzaji, mzee mmoja mwenye subira nyingi, aliniruhusu kufungua kifuniko cha mbele, na nyuma ya vidhibiti vya sauti nikakuta tarakimu saba zilizogongwa kwenye chuma: 137, ambayo ni alama ya kampuni ya CTS iliyovitengeneza, kisha 78 kwa mwaka, kisha juma la 24. Tarakimu hizo hazithibitishi siku gitaa lilipounganishwa, kwa sababu kiwanda kiliweza kukaa na vidhibiti ghalani kwa miezi. Zinathibitisha tu kwamba gitaa haliwezi kuwa la kabla ya hapo, na kwa kuwa risasi iliyolehemu nyaya ilikuwa ya zamani na haikuguswa, niliridhika. Muuzaji anayekataa kufunguliwa kwa kifuniko chenye skrubu chache, kwa gitaa la bei hii, aachwe na gitaa lake.

Hilo ndilo lililokuwa zuri. Kwa upande mwingine, mwili ulikuwa umepakwa rangi upya na mmoja wa wamiliki wa zamani, tena rangi nene, daraja la nyuzi halikuwa la asili, funguo moja ya kukazia nyuzi ilikuwa ikikwama, na gitaa lilikuwa likivuma hata nilipokuwa nimeshika nyuzi. Wakusanyaji huyakimbia magitaa ya namna hii, na ndiyo sababu niliweza kulinunua. Rangi ya asili ingeongeza bei sana na isingeongeza mlio hata chembe. Rangi ile sikuibandua na sitaibandua.

Nilichokuwa nakinunua ni shingo. Nililala na swali hilo usiku mmoja kabla ya kulipa, kwa sababu daraja, vidhibiti, nyaya na hata pikapu, yaani kifaa kinachogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme, hupatikana, lakini shingo ya mti wa mepo iliyojipinda kama parafujo haina dawa ya bei ya kawaida. Niliweka rula ndefu ya chuma juu ya ubao, kwanza upande wa uzi mnene na kisha upande wa uzi mwembamba, na nafasi ya mwanga chini ya rula ilikuwa sawa pande zote mbili. Maana yake ni kwamba shingo ilikuwa imepinda mbele, lakini haikuwa imejisokota. Kupinda mbele hurekebishwa kwa fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo, iwapo fimbo hiyo bado inazunguka. Ya gitaa hili ilizunguka nusu mzunguko bila kulalamika, nikalipa.

Kazi kubwa ilikuwa juu ya ubao. Mmiliki aliyetangulia alikuwa ametumia kwa miaka nyuzi zilizozungushiwa waya wa duara, ambazo kwa kila mtelezo wa kidole hukwaruza mbao kama tupa, na chini ya nyuzi mbili nyembamba, kuanzia mahali pa freti ya tatu hadi ya saba, kulikuwa na vijito vilivyoonekana kwa macho. Uzi ukikandamizwa ndani ya kijito hugonga ukingo wake wa mbele na noti hufa mapema. Dawa ni kusawazisha ubao wote ushuke hadi kimo cha kijito kirefu kuliko vyote. Hapa nahimiza tahadhari kwa moyo wote: tangu miaka ya sitini Fender walikuwa wakibandika rozwudi, mbao ngumu ya ubao wa vidole, kama tabaka jembamba juu ya mepo, si kama ubao mnene, kwa hiyo kila gitaa lina idadi ndogo ya kusawazishwa katika maisha yake yote. Fundi wangu alipima unene kwenye kisigino cha shingo kabla ya kugusa chochote, akanionyesha, na tukakubaliana aondoe chini ya nusu milimita na kuviacha vijito viwili vya kina zaidi vionekane kidogo, kuliko kuvifuta kabisa na kumnyima atakayefuata nafasi ya kufanya kazi hii tena.

Alitumia kibao chenye mbonyeo wa duara la nusukipenyo cha milimita 184, ambao ndio mgongo wa ubao wa Fender wa enzi hiyo, akaanza na msasa namba 220 na kumalizia na 1000. Baada ya vumbi kufutwa rozwudi ilitoka na rangi ya tende. Anayeujua mpingo atautambua undugu mara moja, kwani miti hiyo miwili ni ya jenasi moja, Dalbergia, ingawa mpingo ni mgumu zaidi. Laiti ubao ungekuwa wa mpingo, nyuzi zile zisingeuchimba kiasi hicho.

Kisha likaja suala la epoksi. Kuupaka ubao epoksi ngumu kama alivyofanya Pastorius kungeukinga na kungeupa mlio mkali, wenye kuimba, unaodumu. Fundi alipendekeza hivyo na sababu zake zilikuwa nzuri. Nilikataa, kwa kuwa nilitaka besi iketi chini ya udi na ganuni bila kushindana nazo, na mbao isiyopakwa hutoa noti fupi zaidi, yenye mwanzo laini. Niliupaka mafuta ya mbao tu, na badala ya nyuzi za waya wa duara nikaweka za waya bapa, ambazo hazikwaruzi ubao. Kwa uamuzi huu nimepoteza baadhi ya ule mlio unaovimba baada ya noti kupigwa, ule ambao wengi huununulia gitaa la namna hii. Hutokea kwa sababu uzi, ukiwa hauna chuma cha kuusimamisha, hutetemeka huku ukigusagusa mbao mbele ya kidole. Bado upo, lakini ni wa chini kwa chini. Anayetaka uongoze wimbo apake epoksi.

Umeme haukuwa na makuu. Ule mvumo ulitokana na waya wa ethi uliokatika chini ya daraja, na kulehemu waya mpya kulichukua dakika chache. Pikapu ya Precision imegawanywa vipande viwili vinavyofuta mvumo wa kila kimoja, kwa hiyo gitaa zima la aina hii linapovuma, tafuta kwanza waya uliokatika kabla ya kununua pikapu mpya. Vidhibiti vilisafishwa kwa dawa ya kupuliza. Funguo iliyokwama ilihitaji grisi tu, na daraja lisilo la asili nimeliacha, kwani linafanya kazi yake.

Mfupa unaobeba nyuzi juu ya shingo ulibidi uchongwe upya. Katika gitaa lenye freti, mifereji ya mfupa huo hukaa juu ili uzi uruke freti ya kwanza. Katika gitaa lisilo nazo, uzi unatakiwa upite juu ya mbao kwa nafasi ya unene wa karatasi. Wangu ulikuwa juu mno, pengine uliwekwa na mtu aliyezoea magitaa ya kawaida, na kwa sababu hiyo noti zote za chini zilipanda kidogo kila nilipokandamiza. Katika fedha zote nilizotumia, hakuna zilizozaa matunda kwa haraka kama zile za mfupa huu.

Usahihi wa noti ndio unaowatisha wengi, na ni haki yao. Urefu wa uzi ni milimita 864. Nusu-toni ya kwanza kutoka juu inachukua milimita 48 na ushei, lakini ukifika kwenye oktava, nusu-toni inabaki na milimita 26 tu, kwa hiyo kosa la milimita tano ambalo chini lingekuwa sehemu ya kumi ya nusu-toni, huku linakuwa sehemu ya tano, na kila msikilizaji atalisikia. Kidole huwekwa pale hasa ambapo freti ingekaa, si nyuma yake. Nukta za pembeni mwa shingo husaidia, lakini hakikisha kabla ya kununua kama zimewekwa kwenye noti yenyewe au katikati ya nafasi, kwa kuwa watengenezaji wametofautiana.

Uhuru huohuo ndio ulionifanya nilitafute gitaa hili. Katika bayati, moja ya maqamu (ngazi za sauti) za muziki wa Kiarabu, ikianzia uzi wa D uliowazi, noti ya pili haiko kwenye freti ya kwanza wala ya pili, bali baina yao, karibu milimita 72 kutoka kwenye mfupa. Kwa miaka mingi, nikiwa na besi yenye freti, nilikuwa nikiikwepa noti hiyo na kumwachia mpigaji udi aibebe peke yake. Sasa naipiga pamoja naye. Maalim wetu wa udi hakusema mengi siku ya kwanza, alisimamisha kikundi na kuniambia, "Hiyo noti yako, mwanangu, iteremshe kidogo tena," nami nikaiteremsha kwa upana wa ukucha na tukaendelea.

Juu ya mwambao, mnunuzi ajue mambo mawili. Unyevu wa masika uliisogeza shingo, na besi za Precision za miaka hiyo zina skrubu ya fimbo ya ndani kwenye kisigino, chini ya mwili, kwa hiyo kila marekebisho hudai nyuzi zilegezwe na shingo itolewe. Nimefanya hivyo mara mbili kwa mwaka, robo mzunguko kila mara, na fila geji, kipimo cha vibamba vyembamba vya chuma, ikinionyesha mpindo wa milimita 0.2 natosheka. La pili ni sheria. Rozwudi zote ziliingizwa katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, Januari 2017, lakini tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika zimeondolewa katika sharti la kibali, isipokuwa zenye rozwudi ya Brazili, ambayo imezuiliwa vikali tangu 1992. Magitaa ya miaka ya sabini kama hili hutumia rozwudi ya India. Nilisafiri nalo nikiwa na risiti na picha za ubao.

Lina uzito wa kilo 4.6, na katika harusi ya saa tano bega hulisikia, hata kwa mkanda mpana. Kwa anayeanza besi, au anayepiga vibao vya dansi vinavyotaka noti kavu zinazokatika, nisingelishauri kwa bei yoyote. Kwa pauni 1,710 jumla, nikiwa na ubao ambao kwa hesabu ya fundi bado unaweza kusawazishwa mara moja zaidi, mimi ningelinunua tena. Kipande cha karatasi alichoandika unene wa rozwudi kabla na baada ya msasa nimekiweka ndani ya kasha, chini ya nyuzi za akiba.