Uzoefu wangu na skana ndogo ya ELM327: taa ya cheki injini, sensa ya MAF na oksijeni sensa

Wadau habari zenu. Kama umewahi kupeleka gari gereji taa ya cheki injini inawaka, ukaambiwa "hapo oksijeni sensa imekufa, tafuta hela" na boneti hata haijafunguliwa, basi hii inakuhusu. Nataka niielezee hii skana ya Bluetooth ya ELM327, kale kadude unakachomeka chini ya usukani halafu unasoma kila kitu kwenye simu. Mi nimenunua Kariakoo elfu 35, na kwangu imeshalipa hiyo hela zaidi ya mara moja.

Gari yangu ni Premio ya 2008, injini ya 1NZ-FE ya 1.5. Naishi huku Chanika, barabara ya kuingia kwangu ni vumbi tupu mwaka mzima. Taa ikawaka, gari ikawa nzito hasa ikipanda kilima cha Pugu, na mafuta inakunywa kuliko zamani. Gereji wakachomeka mashine ikatoka kodi (namba ya kosa) P0171, fundi hapohapo akasema oksijeni sensa, akataja na bei. Sasa ndugu zangu hii P0171 haisemi sensa mbovu. Inasema mchanganyiko una hewa nyingi mafuta kidogo, basi. Oksijeni sensa, ile inayokaa kwenye ekzosi na kupima hewa iliyobaki kwenye moshi, ndiyo iliyoleta hiyo taarifa, na mleta taarifa siyo lazima awe ndiye mgonjwa. Nikamwambia fundi ngoja kwanza, nikarudi nyumbani nikachomeka ya kwangu.

Uzuri wa hii kitu kwangu mimi siyo kusoma kodi, kodi hata mashine ya gereji inasoma. Uzuri wake ni data inayotembea wakati injini inaunguruma. Natumia aplikesheni ya Torque, na Car Scanner nayo iko vizuri tu. Unatafuta vitu viwili vimeandikwa STFT na LTFT, hizo ni asilimia ambazo kompyuta ya gari inaongeza au kupunguza mafuta ili mchanganyiko ukae sawa, ile hewa gramu 14.7 kwa gramu moja ya petroli. Ya kwanza ni ya muda mfupi inarukaruka, ya pili ni ya muda mrefu ndiyo tabia ya gari lenyewe. Zikicheza ndani ya kumi juu au kumi chini ya sifuri gari haina shida kubwa. Ikipanda kwenye ishirini na kitu kompyuta inashindwa kufidia tena na taa inawaka.

Basi mi nikaacha injini ipate moto vizuri, nikaangalia sailensi (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta), LTFT ikasoma kama 6 hivi. Nikamwambia kijana akanyage resi ashikilie kwenye mizunguko 2500 kwa dakika (RPM), ikaanza kupanda taratibu mpaka 22. Hapa ndipo pa kuelewa na naomba usome polepole. Kama kuna mpira umepasuka injini inavuta hewa ya wizi pembeni, asilimia zinakuwa juu kwenye sailensi halafu zinashuka ukikanyaga, kwasababu ile hewa ya wizi ni ileile kidogo na sasa imezidiwa na hewa nyingi ya halali. Ikiwa kinyume chake, sailensi nzuri ila ukikanyaga inapanda, basi ama mafuta hayafiki ya kutosha, pampu au filta yake, au sensa ya MAF inadanganya.

Sensa ya MAF ndiyo inayopima hewa inayoingia, imekaa kwenye bomba mara baada ya ea klina. Ndani kuna kiwaya chembamba sana kinapashwa moto kwa umeme, hewa ikipita inakipoza, kompyuta inahesabu umeme uliotumika kukirudisha kwenye joto lake na ndo inajua hewa imeingia gramu ngapi kwa sekunde. Sasa vumbi likikiganda kile kiwaya linakuwa kama blanketi, hewa haikipozi vizuri, kompyuta inaamini hewa ni kidogo inatoa mafuta kidogo, na kule kwenye ekzosi oksijeni sensa inaona hewa imebaki nyingi inapiga kelele. Umeona mlolongo ulivyo? Ungebadilisha oksijeni sensa hata tatu, mpya ingekuja kusema yaleyale.

Kwenye simu MAF ilikuwa inasoma gramu 6.4 kwa ile resi ya 2500. Nikazima gari, nikachomoa soketi, nikafungua skrubu mbili za nyota, sensa ikatoka, na kile kiwaya kilikuwa na utando wa kijivu unaouona kwa macho. Nikapiga dawa yenyewe ya MAF ile ya kopo, nikaacha ikauke yenyewe kabisa. Tafadhali sana usiguse kwa kidole wala mswaki, usipige upepo wa kompresa, na ile dawa ya kabureta usiiguse, ni kali na inaweza kuua sensa nzima. Nimeona mafundi wanatumia petroli na kitambaa, inauma kuangalia. Ea klina nayo nikatupa nikaweka mpya maana bila hivyo vumbi linarudi palepale.

Nikafuta kodi, nikawasha, resi ileile ya 2500 ikasoma 7.8, na baada ya kutembea nalo siku kadhaa LTFT imekaa kwenye 3 na 4. Pugu inapanda bila kulalamika. Oksijeni sensa ni ileile iliyohukumiwa kifo gereji.

Kitu kimoja kabla hujafuta kodi: hii skana inakuonyesha hali ya gari ilivyokuwa sekunde ile taa inawaka, mzunguko, spidi, joto la injini, mzigo, kwenye aplikesheni inaitwa frizi fremu. Piga picha ya skrini kwanza. Ukifuta kodi na hiyo inafutika.

Nisiseme kwamba oksijeni sensa haifi, inakufa. Kagari ka shemeji kalitoa P0135, hiyo ni saketi ya hita ya sensa ya mbele, kwasababu sensa ina hita ndani ya kuipasha haraka asubuhi, bila moto haifanyi kazi. Hapo tukaangalia fyuzi kwanza, nzima. Tukachomoa soketi tukaweka multimita kwenye zile waya mbili za rangi moja, mara nyingi ndo za hita, inatakiwa isome ohm chache mpaka kumi na kitu, haikusoma chochote, waya umekatika ndani. Hiyo ndiyo ya kununua, na tukanunua orijino, Denso au NTK, siyo ile ya bei ya kuokota. Kuifungua inataka ekzosi iwe ya vuguvugu, dawa ya kutu, na ile spana ya soketi ya milimita 22 yenye upenyo wa kupitisha waya, vinginevyo mtakata nyuzi (meno ya skrubu).

Na kuna hii ya kusema eti sensa ya mbele lazima icheze kati ya volti 0.1 na 0.9. Kwa sensa za zamani sawa. Ila Toyota nyingi za karibuni mbele zina ile ya A/F (hewa kwa mafuta), ina kipimo chake tofauti, ukiipima kwa sheria hiyo utaihukumu bure. Ya nyuma ya masega (kile kisafisha moshi ndani ya ekzosi) ndo inatakiwa itulie, ikianza kuiga ya mbele kupanda na kushuka basi masega yamechoka au yameshauzwa, na hapo inakuja kodi ya P0420. Kubadilisha sensa hakurudishi masega.

Mapungufu yapo. Chipu asili ya ELM327 ilibuniwa na Elm Electronics ya Canada, hizi za mtaani karibu zote ni nakala. Zilizoandikwa toleo v2.1 nyingi zimepunguzwa uwezo, kuna gari zinakataa kabisa, tafuta v1.5. Ya Bluetooth ya kawaida haikubali iPhone, hao wachukue ya Wi-Fi. Kompyuta za breki za ABS na eabegi kwangu haisomi. Ikiachwa imechomekwa usiku inanyonya betri, mi naichomoa kila siku. Na Toyota za soko la Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina soketi ileile ya pini 16 lakini nyingine haziongei lugha ya OBD2 ya kawaida, ndiyo ambayo skana inaielewa, kwa hiyo nenda dukani na gari lako, chomeka hapohapo nje, uone RPM inasoma kwenye simu yako ndo utoe hela.