Wodi ya upasuaji, hospitali moja ya binafsi Kampala: daktari nyota tano, dresingi nyota moja

Jina la hospitali siweki. Mama mkubwa tulimtoa Arua akafanyiwa opereshini ya kansa ya utumbo hapo, na kwa opereshini yenyewe sina neno. Sindano ya kuzuia maambukizi alichomwa kabla hajapasuliwa, na hakuna aliyemnyoa tumbo kwa wembe, maana WHO walishakataza tangu 2016, wembe unaacha mikwaruzo midogo midogo na bakteria wanaingilia hapo hapo.

Shida ni wodini. Asubuhi sista anasukuma toroli ya dresingi, anafungua kidonda cha mgonjwa wa kwanza, anakiminya, anahamia kitanda cha pili na glavu zilezile, ukimwangalia anajifanya hakuoni. Sanitaiza imetundikwa mlangoni vizuri tu, bonyeza uone, tupu. Mpira wa mkojo nao wakauacha wakati mgonjwa anatembea mwenyewe mpaka choo, na kila siku mpira unayokaa ndani wadudu wanazidi kupata njia. Halafu huyu alikuwa amepigwa kemo, zile dawa kali za kansa, kabla ya opereshini, kinga imeshuka, mwili umekwisha, mdudu ambaye mimi na wewe hatumsikii kwake ni homa ya kutetemesha kitanda.

Na homa ikaja kweli. Mshono ukavimba, ukaanza kutoa usaha wa kijanikijani unaonuka. Daktari wa zamu anataka kuendelea na sefitriaksoni, antibiotiki ya sindano, si unajua hapa Uganda hiyo sindano ni ya kila ugonjwa, ndipo binamu yangu ambaye ni klinikali ofisa akagoma, akasema pelekeni usaha maabara kwanza mjue ni mdudu gani na anakufa kwa dawa gani. Hapo lazima niwe mkweli, maabara yao ni safi. Kulcha, yaani hicho kipimo cha usaha, ni siku mbili tatu sababu wadudu wanaoteshwa kwanza, nao walileta kwa muda huohuo bila kuzungushana. Ikatoka bakteria anaitwa Klebsiella, tena sugu, sefitriaksoni haimtikisi hata kidogo, wakahamia meropenemu, antibiotiki kali zaidi. Bei yake usiulize ukiwa umesimama.

Mama mkubwa amepata nafuu, namshukuru Mungu, ila kemo iliyokuwa imebaki ilibidi isogezwe mpaka kidonda kipone, na ukiwa na kansa kusogeza kemo si jambo dogo jamani.

Kilichoniudhi zaidi ni bili. Glavu zimeandikwa maboksi kwa maboksi!! Nikamuuliza wa keshia zimevaliwa na nani, akacheka, akaniambia niulize wodini.

Je, ningerudi? Kwa yule daktari, ndiyo. Ila sanitaiza nabeba yangu, na sista akija na glavu za kitanda cha jirani anazivua kwanza, akikasirika akasirike.