Tathmini ya jezi: Sun Jihai, namba 17, Manchester City 2002/03

Jezi ninayoitathmini hapa ni ile ya nyumbani ya Manchester City ya msimu wa 2002/03, ya rangi ya samawati, iliyotengenezwa na Le Coq Sportif, yenye jina la mdhamini First Advice kifuani, na mgongoni jina la Sun Jihai pamoja na namba 17. Niliinunua ikiwa ya mtumba, kutoka kwa muuzaji wa jezi za zamani anayefanya biashara mtandaoni, na nimekaa nayo muda wa kutosha kuivaa, kuifua na kuilinganisha na jezi nyingine za miaka ile. Wakusanyaji wengi wanapoitafuta jezi ya msimu huo hukimbilia jina la Nicolas Anelka au la Shaun Goater, nami naelewa sababu, kwa maana hao ndio waliokuwa wakifunga mabao. Hata hivyo, naamini kwamba jezi ya Sun, beki wa China kutoka mji wa Dalian, inastahili kutafutwa kwa bidii ileile.

Kitambaa chake ni poliesta nzito kidogo kuliko ile inayotumika katika jezi za siku hizi. Haishiki mwili, mikono yake ni mipana, na mshono wa mabegani umeshikilia vizuri licha ya umri wake. Nembo ni ile ya tai wa dhahabu, ambayo klabu iliitumia kuanzia mwaka 1997 hadi 2016, yenye ngao inayoonyesha meli juu na mistari mitatu ya mshazari chini, na nyota tatu juu ya kichwa cha tai. Katika jezi yangu nyuzi za nembo hazijafumuka. Rangi imefifia kidogo mabegani, jambo la kawaida kwa vazi lililoanikwa juani kwa miaka mingi, lakini kifuani bado imeiva.

Sehemu inayohitaji umakini zaidi ni maandishi ya mgongoni, kwa sababu hapo ndipo wanunuzi wanapodanganywa. Kati ya mwaka 1997 na 2007 klabu zote za Ligi Kuu ya England zilitumia herufi na namba za muundo mmoja, zilizotengenezwa kwa nyenzo yenye manyoya mafupi, ambayo ukiipapasa kwa kidole unahisi ulaini wa mahameli. Chini ya kila namba huwa kuna nembo ndogo ya simba wa ligi. Ukiona namba inayong'aa, laini kama plastiki, ujue kwamba imebandikwa baadaye, hata kama jezi yenyewe ni halisi. Kwa jezi ya Sun tahadhari hii ni muhimu zaidi, kwani ni rahisi kwa mtu kuchukua jezi isiyo na jina, akabandika jina lisilopatikana kirahisi, kisha akapandisha bei. Yangu ina manyoya yale, isipokuwa ukingo wa tarakimu ya 7 ambako yamechakaa kiasi cha kuonekana gundi chini yake. Picha za muuzaji hazikuionyesha sehemu hiyo, na nilipomwandikia kulalamika alinijibu kwamba hali hiyo inahesabika kuwa uchakavu wa kawaida. Sikubaliani naye. Kasoro ya namba katika jezi ambayo thamani yake yote imo katika namba hiyo ilipaswa kuandikwa wazi katika maelezo ya bidhaa.

Thamani hiyo inatokana na kazi ya mtu. Sun Jihai alizaliwa Dalian mwaka 1977 na kuibukia katika klabu ya Dalian Wanda, iliyokuwa ikitawala ligi ya China mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1998 alikwenda klabu ya Crystal Palace ya England pamoja na Mchina mwenzake Fan Zhiyi, wakati Terry Venables alipokuwa kocha, lakini klabu hiyo iliingia katika matatizo makubwa ya fedha na Sun akarejea nyumbani kabla ya kuota mizizi. Wengi hurudi hivyo na hawaitwi tena. Yeye aliitwa: Februari 2002 kocha Kevin Keegan alimsajili Manchester City kwa ada ya pauni milioni 2, wakati klabu ikiwa katika Daraja la Kwanza, ambalo wakati huo lilikuwa ngazi ya pili chini ya Ligi Kuu, na miezi michache baadaye timu hiyo ilitwaa ubingwa wa daraja hilo na kupanda Ligi Kuu.

Kiangazi cha mwaka huohuo alikwenda na timu ya taifa katika Kombe la Dunia chini ya Bora Milutinović, fainali pekee ambazo wanaume wa China wamewahi kushiriki. Aliumia katika mechi ya kwanza dhidi ya Costa Rica na kutolewa kabla ya mapumziko, akazikosa mechi za Brazil na Uturuki. China ilipoteza zote tatu bila kufunga bao hata moja.

Kwa hiyo jezi hii inatoka katika msimu ambao mchezaji huyo alianza akiwa na jambo la kuthibitisha, na kwangu ndio msimu bora wa maisha yake ya soka. Keegan alimtumia zaidi upande wa kulia, lakini alimhamisha kila palipokuwa na pengo, naye hakuwahi kuonekana mgeni katika nafasi aliyopewa. Tarehe 26 Oktoba 2002 alifunga katika ushindi wa 2-0 dhidi ya Birmingham City, akawa Mchina wa kwanza kufunga bao katika Ligi Kuu ya England. City ilimaliza nafasi ya tisa, matokeo mazuri kwa timu iliyotoka kupanda, na huo ulikuwa msimu wa mwisho wa klabu katika uwanja wa Maine Road.

Lipo jambo moja kuhusu jezi hii ambalo naliona kuwa na uzito wa pekee. Tarehe 1 Januari 2003 City ilikwenda Goodison Park kucheza na Everton, ambako kiungo Li Tie alikuwa kwa mkopo kutoka klabu ya Liaoning ya China, na Wachina wawili wakakutana katika mechi moja ya Ligi Kuu kwa mara ya kwanza. Mechi iliisha 2-2, na idadi ya waliokadiriwa kuitazama nchini China ilitajwa kwa mamia ya mamilioni. Kifuani mwa jezi ya Everton siku hiyo kulikuwa na jina la Kejian, kampuni ya simu ya China, wakati jezi ya City haikuwa na mdhamini wa China kifuani. Simdharau Li Tie, aliyecheza vizuri sana msimu huo, lakini miaka ile ilikuwa kawaida kusikia kwamba mchezaji wa China husajiliwa ili kuuza jezi na matangazo. Jezi ya Sun inaijibu dhana hiyo kwa utulivu, kwani mtu anayesajiliwa kwa ajili ya tangazo hadumu miaka sita wala hachezi mechi 130 za ligi.

Na hakudumu kwa bahati. Oktoba 2004 aliumia vibaya goti katika mechi dhidi ya Chelsea, akawa nje kwa muda mrefu, kisha akarudi na kuendelea kuhudumu chini ya Stuart Pearce na Sven-Göran Eriksson. Mwaka 2008 alihamia Sheffield United, halafu akarejea China na kucheza huko hadi karibu na umri wa miaka 40. Timu ya taifa aliichezea mechi 80. Oktoba 2015, Rais Xi Jinping alipozuru Manchester, jina la Sun liliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Soka la England, na wapo waliolalamika kwamba uamuzi huo ulikuwa wa kidiplomasia kuliko wa kimichezo. Hoja yao kuhusu wakati uliochaguliwa ina mashiko, ila waliodai kwamba hakuwa na sifa yoyote hawakumtazama akicheza.

Nikirudi kwenye ununuzi wenyewe, bei niliyolipa ilizidi mara mbili ya ile ya jezi kama hiyo isiyo na jina, na kwa maandishi halisi naiona kuwa ya haki. Kipimo ni kikubwa kwa mujibu wa mtindo wa wakati huo, kwa hiyo anayevaa saizi ya kati leo achukue ndogo. Ifuliwe kwa mkono katika maji baridi ikiwa imegeuzwa ndani nje, na pasi isiguse kabisa mgongo, la sivyo yale manyoya ya namba yatalala na hayatainuka tena. Mtu anayetaka vazi la kwenda nalo kiwanjani kila wiki afadhali atafute jezi ya msimu wa 2003/04, ambapo City walikuwa wamehamia kwa Reebok. Kwa mkusanyaji anayejali kilichofanywa na aliyeivaa, naipendekeza hii ya 2002/03 bila kusita, mradi tu aombe picha za karibu za kila herufi na kila tarakimu kabla ya kulipa.